Jina Tulilolikuta Juu ya Mlango wa Duka

Kenton, London, Jumamosi baada ya adhuhuri

Mwanangu Rukia,

Umetoka na mama yako kwenda kuwaaga mama zako wadogo, nami nimebaki dukani peke yangu. Nimegeuza kibao cha mlangoni kionyeshe kwamba tumefunga, jambo ambalo hujapata kuniona nikilifanya siku ya Jumamosi. Watu wawili wamechungulia kwenye kioo wakaondoka. Waende.

Kesho unapanda ndege kwenda Marekani. Habari za koti, dawa, pasipoti na chakula cha njiani umezisikia kwa mama yako mpaka umechoka, na mimi sina la kuongeza. Ninalo jambo moja tu, na nilipaswa kukwambia ulipokuwa na miaka saba. Mama yako analijua. Nilimwomba anisemee akakataa. "Uliyatia mwenyewe mdomoni," aliniambia, "yatoe mwenyewe."

Nakuandikia Kiswahili makusudi. Bibi yako alikuwa akikusemesha Kiswahili chake cha Pemba nawe ukimjibu Kiingereza, na hamkushindwa kuelewana hata siku moja. Neno likikushinda kulisoma, litamke kwa sauti, utalisikia kama alivyokuwa akilisema yeye. Kiingereza ndicho nilichokitumia kukudanganya, na leo sitaki kukigusa.

Sisi si kina Tarrant, mwanangu. Hatukuwa kina Tarrant, wala hakuna Mwingereza yeyote katika ukoo wetu. Yule fundi wa meli niliyekwambia alikuja Unguja akaoa huko, hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi, hapa hapa kwenye kaunta, wakati nampimia mteja waya.

Jina letu ni Karafuwala. Babu yangu, baba wa baba yangu, alitoka Kachi huko Bara Hindi akiwa kijana, akafika Wete. Akawa ananunua karafuu kwa wakulima, anazianika juu ya majamvi mbele ya duka, anaziuza mjini Unguja. Hakuja na jina la ukoo, maana kwao mtu aliitwa jina lake na la baba yake, yakaishia hapo. Watu wa Wete wakimtaja walisema yule Mhindi wa karafuu. Wahindi wenzake wakachukua neno hilo la Waswahili wakalitilia la kwao mwishoni, wala, yaani mwenye kuuza. Waliotoka Bara Hindi moja kwa moja walimcheka, kwa sababu kwa Kigujarati karafuu huitwa laving, kwa hiyo kwa haki angeitwa Lavingwala. Babu akasema jina lake limezaliwa Pemba kama watoto wake, na litabaki lilivyo. Baba yangu alikuwa akitusimulia hayo akicheka, na kila akifika hapo pa "kama watoto wake" alikuwa akitupiga mgongoni mmoja mmoja.

Hilo ndilo jina nililolitupa.

Baada ya mapinduzi ya Unguja tulihamia Jinja, Uganda. Baba alifungua duka la vitambaa, nami nilipomaliza shule akanileta London nisome uhasibu. Nilipanga chumba Tottenham, kwa mjane mmoja aliyekuwa akinipokelea barua zangu kutoka nyumbani. Mchana nilifanya kazi kwenye duka la vyuma, hili hili unalolijua, kwa mzee mmoja Mwingereza, Bwana Tarrant. Hakuwa na mtoto. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja nilipokea simu nikataja jina langu, mteja akaniambia nirudie, nikarudia, akaniambia tena nirudie, mwisho akakata. Mzee akasema, "Wewe ukiinua simu sema Tarrant. Utawaokoa watu muda."

Nikawa nasema Tarrant. Wateja wakaanza kuniita hivyo hata ana kwa ana, tena Joe Tarrant, kwa sababu Yusuf nalo liliwatatiza. Mzee alipochoka kazi nilinunua duka kwake kidogo kidogo, nikalala chumba cha juu. Jina lilikuwa limeshaandikwa juu ya mlango kwa herufi za dhahabu, na niliona uvivu kulifuta. Mwaka uliofuata nikaenda kwa wakili, nikaapa, nikatia saini. Nataka ulijue hili vizuri: hakuna aliyenilazimisha. Nimesikia watu wa rika langu wakisema nchi hii iliwalazimisha. Wengine ni kweli. Mimi nilipenda. Nilipenda jinsi meneja wa benki alivyonishika mkono kabla hajanitazama usoni.

Kwa hiyo nilipohama Tottenham sikuwaandikia wazazi wangu anuani mpya. Barua zingekuja zimeandikwa Karafuwala, na mleta barua alikuwa mteja wangu. Nilikuwa nakwenda kwa yule mjane kila baada ya muda kuzichukua, halafu nakwenda mara chache zaidi. Siku moja nikafika nikakuta nyumba imeuzwa. Nilisimama pale barabarani nikajiambia nitaandika Jinja wiki hiyo hiyo. Sikuandika. Baba yangu akafa, nikaja kulijua hilo baada ya miezi, kwa mtu niliyekutana naye kwenye harusi. Nikaandika barua ya rambirambi kwa mama yangu, na hata hiyo sikuitilia anuani yangu. Nilimwambia nahamahama.

Halafu Waasia wakafukuzwa Uganda.

Ulisoma habari hizo shuleni. Mimi nilizisikia redioni nikiwa nimesimama hapa nilipokaa sasa. Niliwaona kwenye televisheni wakishuka kwenye ndege na vikoti vyembamba, na nilikuwa nikitafuta uso wa mama yangu huku nikiomba nisiuone. Nikajiambia atakuwa amekwenda Bara Hindi. Nikajiambia Kanada. Watu walikuwa wanapelekwa kwenye kambi za zamani za jeshi mpaka wapatiwe nyumba, na hapa Kenton familia zetu zilikuwa zinachanga mablanketi. Mimi nilitoa mablanketi mengi kuliko mtu yeyote wa mtaa huu. Nilikuwa nayapeleka pasipo mtu kuniona.

Asubuhi moja walikuwepo dukani wenye maduka wawili, majirani zangu, Waingereza. Walikuja kuniomba niwe mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyabiashara wa mtaa. Mmoja akasema, "Hao watu wa Uganda watawaweka wapi wote, Joe?" Nikacheka. Usinisamehe haraka hilo la kucheka, maana yaliyofuata yalitoka humo humo. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja wa makamo, amefunga mtandio, mikono imejaa vifurushi. Alikuwa Bi Kulsum, aliyekuwa akijitolea kambini kutafsiri. Sikuwa namjua bado. Alinitazama usoni akaniamkia kwa Kiswahili moja kwa moja.

"Hujambo, baba. Wewe si mtu wa kwetu?"

Akaendelea, "Niwie radhi, nauliza kila duka. Kuna bibi mmoja kambini, mtu wa Pemba, kaja peke yake. Ana mtoto wake hapa London, anafanya kazi kwenye duka la vyuma, lakini hajui lipi. Bi Sakina Karafuwala. Hulijui jina hilo?"

Nilikuwa nimeshika boksi la misumari. Likaniponyoka, misumari ikatapakaa sakafuni mpaka mlangoni. Majirani zangu walikuwa wananitazama, wanangoja niwatafsirie. Nikamjibu kwa Kiingereza.

"Samahani, mama. Simjui mtu yeyote mwenye jina hilo."

Bi Kulsum aliinama akaniokotea misumari kiganja kizima, akaiweka juu ya kaunta, akanishukuru, akatoka. Mmoja wa wale majirani akauliza alikuwa anataka nini. Nikasema alikuwa anachanga mablanketi. Adhuhuri ile nikakubali uenyekiti.

Rukia, nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini sikumkimbilia barabarani. Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa namwona akivuka kwenda duka la pili. Nadhani nilikuwa nangoja nijisikie vibaya kiasi cha kutosha. Nilichojisikia, nakwambia ukweli, ni raha. Jambo lilikuwa limepita, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Raha hiyo nimeijua mara tatu maishani mwangu, na mara zote tatu ilikuwa baada ya uongo. Siku ukijisikia hivyo huko unakokwenda, simama kwanza uangalie ni nani aliyeachwa nje.

Ilipita wiki na zaidi kabla sijaenda. Nilikwenda Jumapili, kwa treni halafu kwa basi, mvua inanyesha. Kambi ilikuwa mabanda marefu ya mabati na ukumbi mmoja wenye meza mlangoni. Nyuma ya meza alikuwa kijana wa Kiingereza, mstaarabu, na kando yake, amekaa kutafsiri, Bi Kulsum. Alinitazama mara moja akatazama chini.

"Jina lako?" kijana akauliza.

"Tarrant."

"Unamtaka nani?"

"Sakina Karafuwala. Ni mama yangu."

Akaangalia karatasi zake, akaniangalia mimi. Alisema kwa adabu kwamba majina hayalingani na kwamba hawezi kumkabidhi mama mzee kwa mtu yeyote tu anayekuja na kudai ni mwanawe. Hapo alikuwa na haki. Akamwomba Bi Kulsum amwite.

Mama alikuja amevaa koti la mwanamume, mikono yake imepotea ndani. Miaka mingi hatukuonana. Alikuwa amepungua urefu. Alisimama upande wa pili wa meza, kijana akasema taratibu, "Muulize kama anamjua bwana huyu."

Bi Kulsum akauliza. "Bi Sakina, unamjua huyu?"

Alinitazama kuanzia viatu, akapanda mpaka kwenye nywele, akarudi machoni, akatulia hapo. Alipokuwa akinitazama nilielewa kwamba akisema hanijui, nitageuka niende zangu na sitakuwa na la kulalamikia.

"Namjua," akasema. "Mwanangu. Kakonda."

Nikamleta nyumbani. Aliposhuka kwenye teksi alisimama kwenye mvua akitazama yale maandishi ya dhahabu. Hakujua kusoma Kiingereza ila alijua kuhesabu herufi, na aliona hazitoshi. "Ndiyo nini hapo?" akauliza. "Ndiyo jina langu hapa, mama." Akasema, "Haya," akaingia ndani.

Hakuwahi kunigombeza. Umemjua wewe mwenyewe: alikaa nasi mpaka ukawa na miaka tisa, alikusuka nywele, alikufundisha kukuna nazi kwenye jiko la London, alikupigia kelele ulipoingia ndani na viatu. Na hakuna siku uliyomsikia akitamka Tarrant. Akipokea simu alikuwa akisema, "Hapa nyumbani kwa Yusuf."

Sasa nifike kwenye kosa lako, yaani kosa langu kwako. Ulikuwa na miaka saba, umerudi shule na sare yako imelowa. Mwalimu alikuwa amewaambia kila mtoto aulize jina lake la ukoo limetoka wapi. Ulipanda kwenye kile kiti kirefu, ukaniuliza mbele ya wateja. "Baba, sisi ni Wahindi wa Afrika, kwa nini tunaitwa Tarrant?" Nilikuwa na waya mkononi. Nikakwambia kwamba babu wa babu yako alikuwa Mwingereza, fundi wa meli, akafika Unguja akampenda msichana wa huko. Ukafurahi mno. Ukataka kujua alikuwa na ndevu. Nikasema alikuwa nazo.

Bibi yako alikuwa amekaa nyuma, anachambua mchele. Ulipopanda juu alikuja akasimama karibu yangu.

"Umempa mtoto babu ambaye hakuzaliwa," akasema.

"Mtoto tu, mama. Atasahau."

Halafu akasema, bila hasira, "Kulsum aliniambia, Yusuf."

"Alikwambia nini?"

"Kwamba aliingia duka moja, mwenye duka akasema hanijui, lakini misumari ikamwanguka. Nikajua ni wewe. Nikamwambia tungoje."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakusema. Akaniuliza angesema nini. Nikamuuliza lile ambalo mpaka leo linaniamsha. "Na kama nisingekuja?"

"Ningemwambia Kulsum kwamba aliingia duka la mtu mwingine."

Akarudi kwenye mchele wake. Hata hapo, mwanangu, ningeweza kupanda ngazi nikakwambia ukweli. Ngazi ziko kumi na chache tu. Nilirudi kwenye waya.

Hukusahau. Umekua ukaanza kumtafuta yule fundi wa meli. Miaka miwili sasa unaandika barua, unakaa kwenye maktaba na kumbukumbu za makanisa, unaleta nyumbani majina ya watu waliokufa zamani na kuyaweka mezani kama mtu aliyetoka sokoni. Na mimi nikiyasoma! Nikikuuliza maswali! Mwaka jana nilikupeleka mwenyewe kwa gari mpaka kile kijiji ambako kina Tarrant wamezikwa. Ulipiga magoti kwenye majani yaliyolowa, ukasugua jiwe kwa kitambaa mpaka jina likaonekana, ukalia. Mimi nilikuwa nimeshika mwavuli na yale maua uliyonunua njiani. Ukaniambia, "Baba, weka wewe, wewe ndiye mkubwa." Nikayaweka. Nikasoma Fatiha moyoni kwa mtu yule ambaye hakunikosea lolote, nikamwomba radhi. Na mama yangu amelala makaburini upande wa pili wa London, nawe hujui kwamba jina lake ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Kisha ukampata Bi Margaret, mjane wa huko Ohio. Yeye ni wa kizazi cha Tarrant mmoja, seremala wa kijiji kile, aliyevuka bahari kwenda Marekani. Na seremala alikuwa na ndugu yake mdogo ambaye hakuna ajuaye alikoishia. "Ndiye wetu!" ulipiga kelele kwenye simu. Nikasema inaelekea. Neno moja hilo, na mjane wa watu akaanza kukutayarishia chumba.

Leo asubuhi nilimpigia. Sikutaka kukuachia wewe kazi hiyo. Nilimweleza yote, hata misumari.

"Kwa hiyo yule ndugu wa seremala?" akauliza.

"Sijui alikwenda wapi, mama. Lakini Unguja hakuja."

"Nimeshawaambia watu wote kanisani," akasema, akakata.

Nilikaa na simu mapajani. Mama yako alishuka akanikuta hivyo, akaniwekea chai, akapanda. Baada ya muda simu ikalia.

"Binti yako anajua?"

"Bado."

"Anaondoka kesho na hajui?" Sauti yake ilipanda. "Basi mwambie leo. Sitaki niwe mimi nitakayemwambia, hata koti hajavua. Mtoto ameniandikia miaka miwili, amenieleza mpaka mafua yake. Chumba ni chake. Lakini wewe, bwana, sijui hata nikuite nani."

Nikamwambia. Akalijaribu mara mbili likamshinda. Mara ya tatu alikaribia.

Basi, ndivyo ilivyo. Pasipoti yako inasema Tarrant na hilo ndilo utakalosafiria. Ukiona unataka kubaki nalo, ni lako, umezaliwa nalo na umelifanyia kazi kuliko mimi. Ukitaka lile lingine, utalibeba bila mimi kukuelekeza, kwa sababu sina haki ya kumpa mtu kitu nilichokikimbia. Nilichotaka ni uchague ukijua. Mimi nilikuchagulia mara mbili, mara ya kwanza hujazaliwa, mara ya pili umekaa kwenye kiti kirefu unaning'iniza miguu.

Waraka huu sitautia kwenye begi lako. Nilifikiria kufanya hivyo, ili uusome ukiwa angani, halafu nikaona ni ule ule woga wangu, nataka uwe mbali ndipo ujue. Nitakupa mkononi mkirudi. Panda nao chumbani, usome polepole. Mimi nitakuwa hapa chini, mlango nimeufunga, hakuna mteja atakayetukatiza. Ukitaka kunigombeza, shuka, nitasimama nikusikilize mpaka umalize. Ukitaka kukaa kimya na mimi, kaa, nami sitakuja kugonga. Ila kesho asubuhi, hata kama hunisemeshi, niachie nibebe begi lako moja mpaka kwenye gari.

Baba yako